Kitanda cha Kwenda Fort Ternan

Mzungu aliyeuza lile shamba la Chepilat aliondoka na kila kitu isipokuwa viwili: mbwa kiziwi, aliyekufa, na nyumba ya magurudumu, iliyokataa kufa. Alikuwa ameiunda mwenyewe kabla ya vita vya Hitler juu ya chasi ya lori. Ilikuwa na kuta za mbao, paa la bati lililopinda mgongoni kama mkate wa boflo, kitanda, kabati, na meko ya chuma yenye bomba la moshi. Alikuwa akienda nayo mtoni, anavua samaki, anawarudisha majini, kisha anarudi nyumbani kula nyama ya kopo. Watu walimwona hivyo miaka mingi na hawakumuuliza kitu. Ukianza kumuuliza mzungu sababu, utamaliza lini?

Shamba likakatwa vipande, na kipande chenye nyumba ile kikamwangukia Ratemo. Ratemo alikuwa amewahi kuwa dereva wa trekta huko kwenye majani chai ya Kericho, kwa hiyo wenzake walisema Mungu ni mjuzi, amempa dereva gari lisilokwenda. Yeye akawafungulia kuku wake waishi humo. Kuku wakalipenda, na mambo yangeishia hapo kama si nyonga ya baba yake.

Baba yake, mzee Kebaso, alianguka kutoka kwenye ghala la wimbi, na tangu siku hiyo aliweza kulala na aliweza kusimama, lakini kukaa kulimshinda kabisa. Alikula amesimama. Kanisani alisimama mahubiri yote, mpaka Mchungaji Bethwel, ambaye alikuwa mgeni, akamtaja mbele ya watu kama mfano wa bidii katika Bwana. Kebaso hakumsahihisha. Alisema sifa ni kama mvua, ikija huulizi imetoka upande gani.

Sasa, huyu Kebaso alikuwa na mdogo wake aitwaye Mosoti, aliyekwenda Fort Ternan akiwa kijana kupanga mataruma ya reli, akabaki huko kulima miwa. Miaka ilipita bila wao kuonana, si kwa ugomvi, bali kwa ule uvivu wa watu wanaodhani wana wakati. Kisha habari ikaja kwamba Mosoti amevimba tumbo na haamki tena. Aliyeileta alikuwa Muturi, fundi wa kuchomelea wa pale Sotik, ambaye alizunguka kote huko akinunua vyuma chakavu. Muturi alisimama uani na kuutoa ujumbe kama alivyopewa, bila kupunguza neno: "Mwambie kaka yangu aje kama bado namwona. Akingoja kuja kunizika, hatakuwa amekuja kwangu. Atakuwa amekuja kwa majirani."

Kebaso hakungoja. Aliingia nyumbani kwake, akatoka amevaa koti lake la kanisani, akaanza kutembea kuelekea Sotik na fimbo. Walimkuta amelala kando ya barabara, hata Chepilat yenyewe haijapotea machoni. Basi nalo lilijaribiwa. Alipanda akiwa amesimama, mashimo yakampiga, akashushwa Sotik akiwatukana wote walioitengeneza barabara ile, wazungu kwa weusi. Ratemo alimbeba mgongoni kumshusha kutoka ndani ya basi, na alishtuka jinsi alivyokuwa mwepesi. Alitaka kulia, lakini alikuwa mtu mzima na watu walikuwa wakitazama.

Waliporudi, Ratemo alikwenda kuokota mayai. Akafungua mlango wa ile nyumba ya magurudumu, na humo ndani, kuku mweupe alikuwa ametaga katikati ya kitanda.

"Kitanda," akasema Ratemo. Kuku akamtazama kwa wasiwasi, na alikuwa na haki.

Kazi ikaanza. Injini ilikuwa imeshikana, ikalowekwa kwa mafuta ya taa mpaka ikalegea. Panya walikuwa wamezaliana ndani ya ekzosi vizazi kwa vizazi, na walipofukuzwa walitoka kwa utulivu wa watu wenye hati ya shamba. Tairi zilitoka kwenye lori la jeshi lililozeeka. Paa lilikuwa limeoza, na hapo ndipo Muturi alipoonyesha yeye ni nani. Alikata bati jipya, akalipinda kwa nyundo ya mbao siku baada ya siku, akalipigilia ripiti za chuma moja moja, kisha akapanda juu na ndoo ya maji, akamimina na kuteremka mbio kutazama ndani. Halikuvuja hata tone.

"Hii paa," alisema Muturi, "ata ukinizika ndani yake sitalowa."

Mwanaume akianza kurembesha kitu kwa mikono yake hajui kuacha, na hapo ndipo penye hatari. Ratemo aliyetaka kitanda tu cha kumlaza baba yake, sasa alipaka kuta rangi ya kijani chini na ya maziwa juu. Akapiga msasa kabati. Akazibua bomba la meko. Mke wake, Bochaberi, akashona mapazia yenye maua, akafuma vitambaa vya kufunika kila kilichofunikika, hata usukani. Wakaweka kipande cha gunia mlangoni, na Ratemo akaanza kuwaambia watu wafute miguu. Majirani nao wakaanza kupiga hodi. Hakuna aliyeona ajabu, maana mtu huzoea jambo kidogo kidogo mpaka linamzoea yeye.

Mchungaji Bethwel akaitwa kuiombea. Akaizunguka, akauliza, "Niombe ya gari ama ya nyumba?"

"Iko tofauti?" Ratemo akauliza.

"Ya gari ni fupi. Naombea breki na mwendo. Ya nyumba ni refu, naombea ndoa, watoto, chakula, na amani kati ya bwana na bibi."

"Omba ile refu," akasema Bochaberi, ambaye hapendi kupunjwa.

Ikaombwa ile ndefu. Laiti Ratemo angeisikiliza, badala ya kukagua kwa jicho moja kama rangi ya mlango imekauka.

Safari ilikuwa kesho yake. Jioni hiyo Ratemo alikaa kwenye kitanda, akasikia springi zinalia, akaingiwa na wasiwasi. Je, zikimchoma mzee huko njiani? Kitanda hakijaribiwi kwa mkono, hujaribiwa kwa kulaliwa. Akalala, na Bochaberi akaja kuuliza kama kiko sawa, akaambiwa hebu nawe ongeza uzito. Mvua ikaanza kupiga lile bati jipya. Nani katika nchi hii anaweza kuamka kitandani mvua ikipiga bati jipya?

Asubuhi, Kebaso alikuwa uani amesimama, koti limefungwa vifungo vyote, kibuyu cha maziwa ya kumpelekea mdogo wake kinaning'inia begani. Bomba la nyumba ya magurudumu lilikuwa likitoa moshi. Mlango ukafunguliwa, akatoka Bochaberi akifunga leso, na nyuma yake akatoka Ratemo na fulana, anapiga miayo.

"Bwakire, Tata," wakamsalimu baba kwa Kigusii.

Mzee aliwatazama, akatazama moshi, kisha akageuka taratibu kwa fimbo yake mpaka akaupa uso ua wa michongoma.

"Mlilala humo," akasema kwa ua.

"Tulikuwa tunajaribu kitanda, Tata."

"Wawili?"

Hapo Ratemo akaelewa. Bochaberi alikuwa ameelewa kabla yake, na tayari alikuwa amejifunika uso kwa leso.

Kwa Abagusii, baba havuki kizingiti cha nyumba ya mwanawe aliyeoa. Nyumba ikishika moto, atamwaga maji akiwa nje. Na kitanda cha mwana na mkewe baba hakitaji hata kwa jina, sembuse kukilalia. Hiyo ndiyo heshima inayoitwa chinsoni, na si mchezo. Kebaso hakuwa mtu mkaidi. Alikuwa tu tayari kufa kabla ya kuivunja, na hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa kwa mtu anayebishana naye hayatofautiani sana.

"Hii si nyumba, Tata," Ratemo akajaribu. "Hii ni gari. Iko na namba mbele na nyuma."

"Gari ina meko?"

"Nitatoa meko."

"Gari ina pazia? Gari inafutiwa miguu? Jana pastor ameombea nini hapa? Ameombea breki?"

Ratemo akatazama lile gunia la mlangoni.

"Mimi sijakataa kwenda," mzee akauambia ua, na sauti yake ikapungua. "Nataka kuona mdogo wangu. Ni nyumba yako imekataa."

Akaitwa Nyanchoka, dada yao Kebaso na Mosoti, aliyeolewa ng'ambo kule upande wa Nyamira. Hakuna aliyeijua chinsoni kama senge, yaani shangazi, Nyanchoka, na hakuna aliyefurahia kuulizwa kama yeye. Alifika, akafuta miguu kwenye gunia, akaingia, akakaa, akaomba chai, akanywa, akaomba nyingine. Akagusa mapazia.

"Ni nyumba mzuri," akasema alipotoka, na Ratemo akaona matumaini yanazama.

"Tukimpatia Tata hii nyumba iwe yake?" Ratemo akauliza.

"Ikiwa yake, wewe utaingia aje na yeye amelala? Utaendesha ukiwa wapi?"

Wote wakamgeukia Muturi, aliyekuwa amekuja na baiskeli kushuhudia paa lake likianza safari.

"Mimi niendeshe? Mimi najua gari kwa nje," akasema Muturi. "Ndani sijui kitu."

"Basi tubadilishe kitanda. Tuweke ya Tata mwenyewe," akasema Ratemo.

"Hiyo mtabadilisha," senge akakubali. "Lakini kitanda ni kidogo. Nyumba ndio kubwa." Akaizunguka tena, polepole, mikono mgongoni, kama mtu anayenunua ng'ombe. Akasimama. "Nyumba inaisha ikitolewa paa. Mtu akihama, anatoa paa, inabaki ukuta. Ukuta hata mbuzi anaingia, na baba yako ni zaidi ya mbuzi."

Macho yote yakapanda juu pamoja, kwenye lile bati lililong'aa.

"Paa gani?" akauliza Muturi. "Paa yangu? Ngai! Nyinyi watu mko sawa kweli? Hii kitu imemaliza mwezi yangu! Ratemo, sema kitu!"

Ratemo akawapa mgongo. Alikwenda nyuma ya mahindi akasimama huko peke yake. Aliumia, na hakuna haja ya kuficha. Hakuwa amewahi kutengeneza kitu kizuri maishani mwake. Trekta alizoendesha zilikuwa za wenyewe, nyumba yake ilijengwa na wengine, na shamba alilikuta limeshalimwa. Hiki ndicho kitu chake, na alikuwa amekilalia siku moja tu. Akamkumbuka baba yake mgongoni mwake pale Sotik, mwepesi kama gunia la manyoya. Akapiga moyo konde, akarudi na patasi na nyundo.

"Nipe," Muturi akasema kwa hasira. "Wewe utaharibu. Kama ni kufa, acha nimuue mwenyewe."

Wakapanda wote wawili. Ripiti ya kwanza iliporuka, Bochaberi aliyekuwa akitoa meko alisimama kidogo, kisha akaendelea. Wakati wote huo Kebaso hakugeuka. Baba hatazami mwanawe akivunja nyumba. Alisimama akiupa uso ua wa michongoma, nyundo zikilia nyuma yake, mpaka lile paa likateremshwa zima na kulazwa chini kwenye nyasi, na kuku, ambao hawajui msiba, wakaingia chini yake.

"Ratemo," akasema Kebaso bila kugeuka. "Ilikuwa nyumba mzuri."

"Hukuwahi kuingia, Tata."

"Niliona kwa nje. Baba huona kwa nje."

Kitanda cha mzee kikanyanyuliwa na kuingizwa kwa juu, maana mlangoni kisingepita. Mzee naye akaingizwa, akalazwa, akafunikwa mablanketi. Senge Nyanchoka akakaa kando yake na miavuli miwili, kwa sababu dada hana chinsoni na kaka mgonjwa, na pia kwa sababu hakuna ambaye angethubutu kumwambia abaki. Kabla injini haijawashwa, mzee akasema kuna jambo moja.

"Hiyo kioo hapo mbele yako. Unaniona nikiwa kwa kitanda?"

Ratemo akakigeuza kile kioo, akakielekeza kwenye mawingu. Hendeli ikazungushwa, injini ikakohoa, ikakubali. Wakaondoka.

Kama umewahi kukaa Kericho, unajua ni nini kilichotokea baada ya kupita Litein. Mvua ya huko haichelewi, haikosi na haina huruma. Ilianza kidogo, kama inayouliza njia, kisha ikamwagika yote. Ratemo aliendesha akiwa amelowa hadi mifupani, kitambaa cha usukani kimemnata vidoleni, na kila trekta ya majani chai iliyotaka kumpita ilimshtua, maana nyuma hakuona kitu isipokuwa mbingu. Wachumaji walisimama kwenye mistari ya chai, vikapu mgongoni, wakitazama ukuta wa kijani ukipita, na juu ya ukuta, miavuli miwili. Mmoja akapunga mkono. Mwavuli mmoja ukapunga pia.

Muturi alikuwa fundi wa kweli, na kuta hazikuvuja. Hilo nalo likawa balaa. Kila tone lililoingia lilibaki ndani. Maji yakapanda, yakafika kwenye pedeli, na kiatu cha senge Nyanchoka kikaja mbele kikielea kumsalimu dereva.

"Ratemo!" senge akapaza sauti. "Simamisha, ama utafikisha samaki!"

Akasimamisha, akaufungua mlango, na maji yakatoka kwa kishindo kama ng'ombe wanaotoka zizini, yakamlowesha hadi magotini polisi aliyekuwa anakuja kuuliza. Alikuwa Mkipsigis mrefu, mpole, mwenye koti la mvua. Akatazama maji. Akatazama ukuta. Akachungulia kwa juu, akaona kitanda na mzee aliyelala amefumba macho.

"Hii ni kari ama ni nyumpa?" akauliza.

"Ilikuwa nyumba, afande," akasema Ratemo. "Tuliitoa paa leo ndio iwe gari."

Polisi akafikiri. "Na huyu mzee amekufa?"

"Bado," akajibu Kebaso bila kufumbua macho. "Lakini mkiendelea kuuliza tutafika tukiwa tumechelewa, mimi ama mwenye ninaenda kuona."

Polisi akavua koti lake, akamfunika mzee nalo, akasema watalirudisha wakirudi. Mambo mengine hayana sheria.

Baada ya Kericho barabara ikaanza kuteremka, na mvua ikabaki kule juu kwa watu wake. Fort Ternan kulikuwa na jua kali. Mablanketi yakaanza kutoa mvuke, mzee akaanza kutoa mvuke, na walipopita karibu na reli watu waliacha majembe kwenye miwa wakidhani kuna kitu kinachoungua. Ratemo hakujali tena. Alikuwa na swali moja tu moyoni, na aliogopa kumuuliza mtu yeyote njiani.

Kwa Mosoti, mkaza mwanawe, Elmina, alitoka mbio aliposikia injini. Ratemo akamtazama mikono. Hakuwa amevaa wala kushika kitu cha msiba. Alikuwa ameshika mwiko.

"Yuko?" akauliza Ratemo.

"Yuko. Tangu asubuhi anauliza kama ni gari gani hiyo inalia. Na hakukuwa na gari."

Basi wakataka kumshusha Kebaso. Haikuwezekana. Nyonga ilikuwa imekaza kwa baridi na mashimo, wakimgusa tu anapiga yowe, na mlango ni mwembamba kuliko kitanda. Alikuwa amefika, na hakuweza kufika. Hatua chache tu kutoka pale, ndani ya nyumba, mdogo wake hakuweza kuamka. Senge Nyanchoka akawakaripia wote, maana hakuwa na ushauri mwingine.

Ndipo sauti ikatoka ndani, nyembamba lakini yenye amri: "Nileteni mimi."

Wakamtoa Mosoti kwenye blanketi, vijana wanne kwenye pembe nne, tumbo lake limejaa na miguu yake imebaki vijiti. Wakasimama kando ya ule ukuta wa kijani bila kujua wafanye nini. Kisha wakatazama juu. Hakukuwa na paa. Wakamnyanyua, mkono kwa mkono, juu ya ukuta, Ratemo na senge wakimpokea upande wa pili, kama vile mtu anavyoingiza kuni ghalani, na wakamteremsha polepole mpaka akalala kando ya kaka yake.

Ratemo akarudi kwenye usukani, akakaa akitazama mbele, maana alijua pale palikuwa kwa wazee. Alisikia kibuyu kinafunguliwa. Alimsikia mtu akinywa, taratibu, akipumzika, kisha akinywa tena. Akasikia mmoja wao analia, na hakuweza kujua ni nani, kwa sababu walilia kwa sauti moja.

"Songa," akasema Mosoti hatimaye. "Hata kwa mama ulikuwa unalala ngozi yote pekee yako."

Na Kebaso, ambaye tangu Kericho nyonga yake haikuwa imekubali kusogezwa na mtu yeyote, akasonga.